Unampumzisha Mbuzi, Je, Mama wa Nyumba Yako?

Ndugu msomaji, ukipita asubuhi katika vijiji vya milima ya Fizi, au ukishuka mpaka kando ya ziwa huko Baraka, utaona mbuzi wamefungwa kamba penye majani. Umwulize mwenye mbuzi: "Huyu jike kijana, mbona umemfunga mbali na beberu?" Atakujibu upesi: "Bado mdogo. Akibeba mimba sasa, pengine atakufa wakati wa kuzaa, nami nitapoteza wawili." Umwulize tena: "Na yule mwenye watoto?" Atasema: "Yule ananyonyesha. Nimemwacha apate nguvu kwanza."

Hayo ni maneno ya akili. Hakuna mtu amchekaye. Lakini jioni mtu yule yule anarudi nyumbani. Mke wake ana mtoto wa miezi 7 mgongoni, na mimba nyingine tumboni. Binti yake wa miaka 15 amekwisha kuposwa. Kwa mbuzi wake alifikiri na kupanga, kwa watu wa nyumba yake alisema tu, "Itakuwa kama itakavyokuwa."

Hatuandiki maneno haya ili kumwaibisha mtu. Twaandika kwa sababu mama zetu wanakufa. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Kongo mwaka 2013 na 2014, ilionekana kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 846 walikufa kwa ajili ya mimba au kuzaa. Katika kila wanawake 100 wenye waume, 8 tu walikuwa wakitumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Wengi wa mama wale wangeweza kuwa hai.

Basi na tuanze zizini, tupate kuelewa. Kisha turudi nyumbani.

1. MAMBO TUNAYOJIFUNZA ZIZINI

Mbuzi hubeba mimba siku 150, yaani miezi 5. Nguruwe hubeba siku 114. Mbwa hubeba miezi 2 na siku chache. Ng'ombe hubeba miezi 9 na kupita kidogo. Mbuzi jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 5 au 6 tu, lakini mifupa yake bado haijakomaa. Mfugaji mwenye akili humngoja mpaka karibu mwaka mmoja. Kwa kuzuia uzazi, wafugaji wana njia nyingi.

Njia ya kwanza ni kutenga. Madume hukaa mahali pao, na majike mahali pao. Njia hii haina dawa wala kisu, ila yataka ua mzuri na mtu wa kuangalia.

Njia ya pili ni kumvika dume ngozi. Wamasai wa Kenya na Tanzania tangu zamani humfunga beberu au kondoo dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, asiweze kupanda. Wakati wa majani mengi ukikaribia, huifungua, ili watoto wazaliwe wakati mama zao wana maziwa. Tazama, hawakumwondolea dume uwezo wake. Walichagua wakati tu.

Njia ya tatu ni kuhasi. Wengine hukata kwa kisu na kuyatoa mapumbu. Wengine hutumia koleo kubwa liitwalo Burdizzo, kwa jina la mganga wa mifugo wa Italia aliyelitengeneza. Koleo hili huvunja kamba ya pumbu ndani, bila kupasua ngozi. Kuhasi kuna hatari zake. Kisu kichafu huleta pepopunda. Kidonda kilichoachwa wazi huingiwa na nzi na funza. Kwa hiyo mnyama ahasiwe akiwa mdogo, asubuhi penye baridi, kwa chombo kilichochemshwa. Na mwenye koleo abane kila kamba peke yake, wala asibane mfuko wote mara moja, maana ngozi itakufa. Tena mkumbuke: dume aliyehasiwa akiwa mkubwa aweza bado kutia mimba kwa majuma machache, kwa sababu mbegu za zamani zimebaki njiani. Asirudishwe upesi kati ya majike.

Kwa mbwa jike, waganga wa mifugo hufanya operesheni na kutoa kizazi. Wako wanaotumia sindano za kuzuia joto, lakini hizo zaweza kuleta usaha katika kizazi cha mbwa na uvimbe katika matiti yake. Neno hili la mbwa tutalirudia mbele.

Watu wamevumbua na njia nyingine. Katika kisiwa cha Unguja mbung'o walikuwa wakiwaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Wataalamu wakafuga mbung'o wengi huko Tanga, wakawapiga madume mionzi ili mbegu zao zisifae, wakawaangusha kwa ndege juu ya kisiwa, tangu mwaka 1994 hata 1997. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa hazai. Mwaka 1996 alikamatwa mbung'o wa mwisho wa Unguja. Na huko Afrika Kusini, katika hifadhi ya Makalali, tangu mwaka 2000 ndovu majike walichomwa chanjo ya kuzuia mimba, wasizidi majani ya mahali pao, wala watu wasilazimike kuwapiga risasi.

2. MTU SI MBUZI

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Habari za zizini zatufundisha neno moja: mwenye hekima hupanga uzazi, naye huchunga mama na mtoto wasidhoofike. Lakini hazitufundishi kumtendea mtu kama mnyama.

Mbuzi haulizwi. Mwenye mbuzi huamua kwa faida yake, kwa nyama na kwa soko. Mtu ana akili na moyo, naye lazima aulizwe. Hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwanamke kuzaa au kumzuia asizae: si mume, si mama mkwe, si serikali, wala si hospitali. Mwuguzi mwema hueleza njia zote, faida na taabu zake, kisha hunyamaza na kungoja jibu. Mama akisema "Siku hizi sitaki," basi. Akisema leo "Nataka," na kesho "Niondolee," aondolewe bila kugombezwa.

Tena, njia karibu zote za watu ni kama ile ngozi ya Wamasai: hufunga mlango kwa muda, kisha hufunguliwa. Hazifanani na kuhasi.

3. KUPUMZIKA KWA MAMA KUNA FAIDA GANI?

Wavuvi wa Baraka na Ubwari wanajua habari ya kupumzisha. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi 3, tangu katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, ili ndagala na mikebuka wapate kuzaa na kukua. Ilikuwa taabu kwa nyumba nyingi. Lakini kila mvuvi mzee anajua kwamba nyavu zisizopumzika humaliza ziwa.

Mwili wa mama ni hivyo hivyo. Mtoto tumboni huchukua damu, chuma na nguvu ya mama. Wakati wa kuzaa damu nyingine humwagika. Kunyonyesha huchukua chakula tena. Mwili wataka muda wa kurudisha vitu hivi. Kwa hiyo wataalamu wa afya wa dunia wanashauri: baada ya kuzaa mtoto hai, mama angoje angalau miaka 2 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba ikiharibika, angoje angalau miezi 6. Na msichana asishike mimba kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto naye hupata faida. Katika Kivu watu wanaujua sana ugonjwa wa bwaki: mtoto huvimba miguu na uso, nywele hugeuka rangi, naye hakai na furaha. Mganga mwanamke Mwingereza, Cicely Williams, aliuchunguza ugonjwa huu huko Ghana, na mwaka 1935 akaujulisha kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwa ajili ya mwingine azaliwaye nyuma yake. Basi wazee wa Ghana walikuwa wameona jambo hili kabla ya waganga: mtoto akiachishwa ziwa mapema, akapewa ugali mtupu, hudhoofika.

Kwa msichana hatari ni kubwa zaidi. Nyonga zake bado nyembamba. Mtoto hukwama siku mbili, siku tatu. Mara nyingi hufa, na mama hupasuka ndani, mkojo ukatoka bila kukoma. Ugonjwa huu huitwa fistula. Wengi wa nchi yetu wametibiwa katika Hospitali ya Panzi huko Bukavu, aliyoianzisha Mganga Denis Mukwege mwaka 1999. Lakini ni afadhali kumngoja binti akomae kuliko kumshona.

4. NJIA ZA WATU, NA USALAMA WAKE

Tutazitaja moja moja. Usichague kwa sababu jirani amechagua. Miili haifanani.

Kunyonyesha. Njia hii yafaa ikiwa mambo matatu yako pamoja: mtoto hajapita miezi 6, ananyonya tu, mchana na usiku, bila uji wala maji, na damu ya mwezi haijarudi. Moja likikosekana, tafuta njia nyingine siku ile ile.

Kuhesabu siku. Njia hii yafaa kwa mwanamke ambaye miezi yake haipungui siku 26 wala haizidi siku 32. Tangu siku ya 8 hata siku ya 19 mume na mke wasilale pamoja, au watumie kapoti. Iko shada ya shanga za rangi kwa kuhesabia. Shanga nyeupe ndizo siku za hatari. Haina dawa yo yote, lakini bila mume kukubali haifai kitu.

Kapoti. Hii peke yake, katika njia zote, hukinga pia ukimwi na kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Itumiwe mpya kila mara, isiwekwe juani wala katika mfuko wa suruali siku nyingi.

Vidonge. Mama humeza kimoja kila siku, saa ile ile. Viko vya namna mbili. Vya namna ya kwanza havifai kwa mama anyonyeshaye mtoto chini ya miezi 6, wala kwa mwenye damu inayopanda, wala kwa avutaye tumbako aliyepita miaka 35, wala kwa aliyewahi kupata damu kuganda mguuni. Vya namna ya pili vyafaa kwa mama anyonyeshaye. Ukimeza vidonge, kisha ukapata maumivu makali ya kifua, kichwa kikali sana, macho kutiwa giza, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, njoo hospitali upesi.

Sindano. Iliyo ya kawaida hudumu miezi 3. Huenda damu ya mwezi ikabadilika: kwanza matone yasiyo na mpango, baadaye pengine isionekane kabisa. Mama akiacha sindano, mimba yaweza kukawia kurudi, pengine miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho, au zaidi. Asiogope, hajawa tasa. Lakini anayetaka mimba upesi achague njia nyingine.

Vijiti. Ni vijiti vidogo laini vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Viko vya miaka 3 na vya miaka 5. Uwezo wa kuzaa hurudi upesi vikiondolewa. Vitiwe na kuondolewa na mtu aliyejifunza tu. Usimruhusu mtu wa soko akupasue kwa wembe.

Kitanzi. Ni kitu kidogo chenye shaba, mwuguzi hukitia ndani ya tumbo la uzazi. Chaweza kudumu miaka 10 na zaidi, nacho huondolewa siku yo yote mama atakayo. Miezi ya kwanza damu yaweza kuwa nyingi na tumbo kuuma. Asitiwe mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa. Homa pamoja na maumivu ya chini ya tumbo ni dalili ya kurudi upesi.

Operesheni. Kwa wale tu waliokwisha kabisa, wala hawatageuza moyo. Kwa mwanamke mirija ya mayai hufungwa. Kwa mwanamume mirija ya mbegu hukatwa kupitia tundu dogo la ngozi, naye hurudi nyumbani siku ile ile. Atumie kapoti miezi 3, maana mbegu za zamani zimebaki njiani, kama tulivyosema juu ya wanyama.

Tufananishe nguvu zake. Wanawake 100 walalao na waume bila njia yo yote, kama 85 watashika mimba mwaka ule. Wakitumia kapoti kama watu wengi watumiavyo, 13. Vidonge, 7. Sindano, 4. Kitanzi, kijiti au operesheni, hata 1 hatimii au anatimia tu.

Neno moja la kukumbuka: umezapo dawa za kifua kikuu, au dawa nyingine za kifafa na za ukimwi, mwambie mwuguzi. Dawa hizo zaweza kupunguza nguvu ya vidonge na vijiti.

5. HABARI YA SINDANO NA MBWA

Wako watu wasemao, "Sindano hii walijaribu kwa mbwa, mbwa wakaugua." Hawakusema uongo. Wakati sindano hii ilipochunguzwa, mbwa wa jamii ya beagle walipewa dawa nyingi, wakapata uvimbe wa matiti. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani ilikataa kwa miaka mingi isitumiwe kwa kuzuia mimba. Wengine wakauliza, na kwa haki: kama Marekani hawaitaki, mbona Waafrika wanapewa?

Swali hilo lilistahili jibu, nalo halikupatikana kwa maneno bali kwa kuhesabu. Wanawake wengi wa nchi nyingi walifuatwa kwa miaka. Ilionekana kwamba matiti ya mbwa hupokea dawa za namna hii tofauti na matiti ya mwanamke, na ile hofu kubwa haikutimia. Mwaka 1992 Marekani ikaikubali kwa wanawake wake pia.

Je, maana yake sindano haina taabu? Sivyo. Hupunguza kidogo ugumu wa mifupa kwa wanaoitumia muda mrefu, na sehemu kubwa hurudi wakiiacha. Tena mwaka 2024 wachunguzi wa Ufaransa walitangaza kwamba walioitumia zaidi ya mwaka mmoja walipata mara nyingi kuliko wengine uvimbe fulani wa ngozi inayofunika ubongo. Uvimbe huo ni wa nadra sana, na mara nyingi si kansa, lakini aliyewahi kuupata asipigwe sindano hii. Tunawaambia hayo yote, kwa sababu dawa inayofichwa taabu zake haiaminiwi, na mama asiyeamini huiacha katikati.

6. MAZUNGUMZO CHINI YA MWEMBE

Haya ni maswali ambayo wakunga huulizwa mara nyingi.

Mzee: Mama mkunga, nasikia mwanamume akipasuliwa huwa kama beberu aliyehasiwa. Sauti hugeuka, nguvu za kiume hukoma. Je, ni kweli?

Mkunga: Mzee, asante kwa kuuliza waziwazi. Beberu huondolewa mapumbu yenyewe, au kamba yake huvunjwa hata mapumbu yakanyauka. Ndipo nguvu na tabia hubadilika. Mwanamume hakatwi mapumbu. Mirija miwili tu hukatwa, ile ipitishayo mbegu. Sauti, ndevu, nguvu na tamaa hubaki kama zamani.

Mama mkwe: Mke wa mwanangu amepigwa sindano, sasa miezi 5 haoni damu. Damu hiyo inakwenda wapi? Haitajaa tumboni imwue?

Mkunga: La, mama. Kila mwezi tumbo la uzazi hujitandikia kama kitanda, na mimba isipokuja kitanda hutolewa; ndiyo damu. Dawa huzuia kitanda kisitandikwe. Kisichotandikwa hakitolewi. Hakuna damu iliyojificha.

Baba kijana: Na kijiti? Hakipandi mpaka moyoni?

Mkunga: Mwanangu, shika mkono wa mke wako, utakigusa chini ya ngozi. Kikitiwa vizuri hukaa pale pale. Asipokigusa siku moja, aje tutazame.

Mama kijana: Mume wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Mkunga: Binti yangu, mlete kama atakubali, nasi tutasema naye kwa heshima. Mara nyingi mwanamume hukataa kwa sababu hakuna aliyemweleza. Lakini mwili ni wako, na siri uniambiayo haitatoka katika chumba hiki.

Mzee: Neno la mwisho. Si dhambi?

Mkunga: Mzee, Wakristo hawakuwa na jibu moja. Kanisa la Roma, katika barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968, lilikubali kuhesabu siku tu. Maaskofu wa Kianglikana walikuwa wamefungua mlango mwaka 1930, na makanisa mengi ya Kiprotestanti huwaachia mume na mke waamue. Mimi ni mkunga. Nimeona mtoto wa mwisho akilia juu ya mama aliyekufa. Siwezi kusema kwamba kumwokoa mama yule kungekuwa dhambi.

7. NJIA ZA MAUTI

Kuna wanawake ambao, wakiona mimba wasiyoitaka, hunywa majani makali, sabuni ya unga, au dawa nyingi za malaria. Au hujitia kijiti cha mti na mzizi. Ndugu zangu, njia hizi huua. Hutoboa tumbo la uzazi, huleta pepopunda na usaha wa damu, na anayepona pengine hazai tena. Aliyekwisha kufanya hivyo, akiwa na homa, au damu nyingi, au harufu mbaya, aje upesi hata usiku. Kazi yetu ni kumtibu, si kumhukumu. Nanyi majirani, mchukueni bila kuuliza maswali.

Hirizi ya kiunoni na kuoga baada ya kulala na mume havizuii mimba.

8. WAKATI WA KUKIMBIA

Watu wa Fizi hawahitaji kufundishwa vita ni nini. Mwaka 1996 na 1998 wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma. Wako waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, na watoto wao wakazaliwa kule. Na tangu mwaka 2015 ndugu wa Burundi walipokelewa kambini Lusenda.

Jambo hili lapasa kufikiriwa katika kuchagua njia. Mama wa sindano aliye porini siku ya sindano ikifika hana ulinzi tena. Mwenye vidonge huacha pakiti nyumbani. Mwenye kijiti au kitanzi hukimbia nacho. Kwa hiyo, ukikaa mahali ambapo barabara hufungwa mara kwa mara, uulize habari za njia zinazodumu miaka. Lakini ujue pia nani ataiondoa. Shika kadi yenye tarehe pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, ndani ya mfuko wa plastiki.

Na mwanamke aliyetendewa kwa nguvu, asikae kimya kwa aibu. Aibu si yake. Afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia ukimwi. Vidonge vya kuzuia mimba vyaweza kutolewa mpaka siku ya 5, lakini mapema ni bora. Hata akichelewa, aje.

9. SHERIA YASEMA NINI?

Wazee wengine bado waogopa kwamba jambo hili limekatazwa. Zamani ndivyo. Amri ya Wabelgiji ya mwaka 1933 ilikataza kutangaza njia za kuzuia mimba. Mwaka 1972 Rais Mobutu alianza kusema habari za uzazi unaotamaniwa, na mwaka 1973 kamati ya taifa ikawekwa. Tangu mwaka 1981 umoja wa makanisa ya Kiprotestanti ulishika kazi ya SANRU, ya afya ya vijijini, na kupanga uzazi kulikuwa ndani yake. Sheria ya afya ya mwaka 2018 ikalithibitisha jambo hili. Basi mtu asikutishe.

10. MWENDO WA WATOTO

Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 33, Esau alimwomba ndugu yake Yakobo waende pamoja. Yakobo akakataa kwa upole. Alisema kwamba watoto wake ni wachanga, na kundi lake lina wanyama wanaonyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Akachagua kwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na wa mifugo.

Tazama, Yakobo hakuwafikiria mifugo tu. Aliwataja watoto kwanza. Ndugu yangu mwenye mbuzi, wewe umekwisha kujifunza nusu ya hekima hiyo. Jioni hii, mkiisha kula ugali na sombe, keti na mama wa watoto wako. Usimwambie la kufanya. Mwulize: "Mwili wako umepata nguvu?" Kisha sikiliza mpaka amalize.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Kwa nini mfugaji humtenga mbuzi jike aliye mdogo? Je, binti zetu?
2. Operesheni ya mwanamume na kuhasi beberu vimetofautianaje?
3. Mambo gani matatu lazima yawepo ili kunyonyesha kuzuie mimba?
4. Mbona dawa iliyowadhuru mbwa ilikubaliwa kwa wanawake, nayo taabu zake ni zipi?
5. Katika nyumba yetu, nani huamua? Na mama ameulizwa?